Kujenga kwa mkopo Bujumbura: Hesabu za vijana wawili wa Nyakabiga

UKIINGIA katika ua wowote wa Nyakabiga utakuta milango mingi kuliko ulivyotarajia. Mbele kuna nyumba ya mwenye mji, na nyuma yake vyumba vidogo vimejipanga kama mabehewa ya treni ya Kigoma. Hivyo ndivyo wenyewe tunaviita aneksi. Bomba la maji ni moja, choo ni kimoja au viwili, na kamba ya kuanikia nguo ina zamu zake. Kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi iko jirani, na katikati ya jiji unafika kwa miguu, kwa hiyo chumba kikiachwa asubuhi, jioni kimeshapata mtu. Mwenye mji analijua hilo. Kila akipandisha kodi anakuambia kwa upole kwamba usipoweza, wanafunzi wapo.

Katika aneksi hizo ndimo vijana wengi waliooana miaka hii wanamoanzia maisha, na ndimo linamozaliwa swali ambalo nimelisikia mara nyingi mwaka huu: Je, tunaweza kujenga? Na kama tunaweza, kwa fedha ipi? Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, si mtu wa benki, lakini mtaani kwetu mwalimu huletewa kila karatasi: barua ya mahakama, fomu ya hospitali, na siku hizi mikataba ya mikopo. Nimeisoma ya kutosha sasa kuweza kusema neno.

Kwanza niseme natoka wapi, maana katika jambo la nyumba sisi tuliorudi hatuanzii mahali pamoja na wenzetu. Nilizaliwa Mishamo, wilaya ya Mpanda, katika makazi yaliyofunguliwa mwaka 1978 kwa ajili ya waliokimbia mwaka 1972. Nilisoma shule za Tanzania, kwa mtaala wa Tanzania, na nikarudi mwaka 2009 pamoja na maelfu waliochagua kurudi badala ya kuomba uraia kule. Baba yangu alijenga nyumba tatu katika maisha yake na hakuwahi kukopa hata senti. Alifyatua tofali, akasubiri kiangazi, akauza tumbaku, akanunua bati. Mwaka uliofuata akaweka madirisha. Sisi watoto tulidhani nyumba zote duniani huzaliwa hivyo, polepole kama mtoto.

Vijana ninaotaka kuwaeleza leo wana mkondo mwingine wa mawazo. Mume ana miaka 29, mke 26. Mume alikulia katika kambi za mkoa wa Kigoma na alirudi akiwa kijana mdogo mwaka 2012, ilipofungwa kambi ya Mtabila. Leo ni mfanyabiashara wa mpakani: anavukia Kobero, anapitia Kabanga na Ngara hadi Kahama, anarudi na mchele, sabuni na vyombo vya plastiki. Mke ni mwalimu wa shule ya msingi, mshahara wake unapitia benki, na kwa sababu hiyo benki yake imemwandikia barua. Barua inasema anaweza kupewa mkopo wa nyumba wa miaka 10, riba ya asilimia 14. Walikuja nyumbani jioni na barua hiyo ndani ya bahasha ya plastiki, kama mtu aliyebeba cheti cha kuzaliwa.

"Mwalimu," mke aliniambia, "kodi tunayolipa ni fedha ya kumwaga mtoni. Afadhali tuilipe benki, mwisho wa siku nyumba iwe yetu."

Mume hakusema kitu. Baadaye nilielewa kwamba yeye alikuwa na wazo lake: kuuza mzigo wote uliomo stoo, kutoa mtaji, na kuchimba msingi mwezi huo huo bila benki yoyote. Basi ilikuwa ni nyumba moja na mawazo mawili, na ndani ya aneksi yenye ukuta mwembamba hayo si mambo ya kuzungumza kwa sauti.

Tuchukue kalamu. Kwa heshima ya huyu dada sitaandika mshahara wake. Nitatumia tarakimu ya duara, faranga 450,000 kwa mwezi, na msomaji aweke yake. Benki yenye busara haikubali kukata zaidi ya theluthi moja ya mshahara, yaani 150,000. Kwa riba ya asilimia 14 na miaka 10, kila milioni 1 unayokopa inakudai faranga 15,500 hivi kila mwezi. Gawanya 150,000 kwa 15,500. Unapata mkopo wa milioni 9 na laki 6 na nusu. Sasa zidisha 150,000 kwa miezi 120. Utakuwa umelipa milioni 18. Hapo sijaweka gharama za notari, bima ya mkopo, wala za kuandikisha rehani.

Kijana aliruka kidogo kwenye kiti. Mkewe akasema hiyo si ajabu, kila mkopo uko hivyo. Ana haki. Kwa miaka mingi riba za benki zetu zimekuwa zikizunguka kati ya asilimia 12 na 17, na benki hii haikuwa imemwonea. Tena kuna hesabu nyingine inayompa nguvu. Mwaka 2022 bei hapa nchini zilipanda kwa karibu asilimia 19, na mwaka 2023 kwa karibu asilimia 27. Mtu aliyekopa kwa 14 wakati bei zinapanda kwa 27 anaonekana mjanja, kwani atalipa kwa faranga nyepesi kuliko alizopokea. Nimewasikia wasomi wakilisema hilo kwenye vijiwe vya Jabe, na kwenye karatasi ni kweli.

Lakini kuna sharti moja ambalo hawalisemi. Ujanja huo unafanya kazi ikiwa nyumba inakamilika siku unayopokea fedha. Mkopo wa ujenzi hautolewi hivyo. Benki hutoa kwa mafungu: msingi kwanza, mkaguzi aje, kisha kuta, mkaguzi aje, kisha paa. Kati ya fungu na fungu hupita wiki, mara nyingine miezi, na kiasi cha mkopo hakiongezwi hata kama saruji imepanda mara mbili. Mshahara nao haupandi kwa asilimia 27. Kwa hiyo vitu viwili vimefungwa kwa kamba, mkopo na mshahara, na kimoja kimeachwa huru kukimbia, nacho ni bei ya vifaa. Ndiyo maana ukizunguka pembezoni mwa jiji letu unaona nyumba nyingi zilizosimama kwenye lenta, nondo zimechomoza juu kama vidole, na ndani kumeota majani. Wengine humo ni watu waliokopa, na bado wanakatwa mshahara kila mwezi.

Daftari la yule kijana lenyewe ni ushahidi. Alikuwa ameorodhesha vifaa vya nyumba ya mita 8 kwa 9, vyumba vitatu na sebule: saruji mifuko isiyopungua 100, bati 50 hivi za mita 3, nondo, mbao, mawe ya msingi, mchanga lori kadhaa. Mbele ya saruji alikuwa ameandika bei tatu, mbili amezikata. Zote tatu ni za mwaka mmoja.

Wasomaji wanaovuka mipaka wanaijua sababu kuliko mimi. Burundi ina kiwanda chake cha saruji, BUCECO, kule Cibitoke, lakini kwa miaka kadhaa saruji yake imekuwa na bei mbili, ile iliyotangazwa na ile unayoipata kweli. Ile inayotoka Tanzania inanunuliwa kwa shilingi, na shilingi inatafutwa kwa dola au kwa njia za kando. Mwezi wa Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani ya faranga, dola moja ikatoka kwenye faranga 2,090 hivi hadi zaidi ya 2,800. Mwishoni mwa mwaka 2024, mitaani dola ilikuwa ikibadilishwa kwa zaidi ya mara mbili ya bei ya benki. Ongeza uhaba wa mafuta ambao umefanya lori la mchanga kuwa bidhaa ya anasa. Mtu anayejenga Bujumbura, hata kama hajawahi kufika Kobero, anajenga kwa fedha za kigeni bila kujua.

Mara nyingi nasikia watu wakisema kwamba tatizo ni la Burundi peke yetu. Si kweli. Sisi tuliokulia Tanzania tunakumbuka vizuri nyumba zilivyojengwa Kasulu, Mpanda na Kigoma: tofali leo, bati mwakani. Tanzania iliunda mwaka 2010 kampuni maalumu, TMRC, ya kuziwezesha benki kutoa mikopo mirefu ya nyumba. Hata hivyo katika nchi iliyohesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 61 mwaka 2022, wenye mikopo hiyo ni elfu chache tu. Hapa kwetu ulikuwepo tangu mwaka 1989 mfuko wa makazi ya mjini, FPHU, ambao sasa umegeuzwa kuwa Benki ya Makazi, BHB. Umewasaidia watu, hasa watumishi wenye mishahara ya uhakika na viwanja vyenye hati. Angalia maneno hayo mawili, mshahara na hati. Mke ana kimoja. Mume hana hata kimoja, ingawa katika mwezi mzuri anaingiza zaidi ya mkewe.

Hili la mume linaniudhi, na ninaamini litawaudhi wengi wanaosoma ukurasa huu. Mfanyabiashara wa mpakani anashika fedha nyingi kila wiki, lakini mbele ya benki ni kama hayupo. Fedha yake iko katika magunia, kwa wadeni wa Ruvumera, na katika likelemba anayocheza na wenzake kumi na mmoja. Nilimuuliza ana akaunti. Anayo, ina miezi minane haijaguswa. Nikamshauri aanze kupitisha mauzo humo hata kama atayatoa kesho yake, maana baada ya mwaka mmoja ile karatasi ya mwenendo wa akaunti itakuwa ndiyo hati yake ya mshahara. CRDB ya Tanzania iko Bujumbura tangu mwaka 2012, na benki kadhaa hapa zinaelewa biashara ya Kahama na Kigoma. Zinachotaka ni kuona nyayo.

Lakini wazo lake la kuutoa mtaji na kuchimba msingi nililipinga kwa nguvu kuliko nilivyoipinga barua ya benki. Mtaji wa mtu huyu ndio kitu pekee ndani ya nyumba yao kinachopanda pamoja na bei. Faranga ikishuka, mchele wake unapanda, sabuni inapanda, anafidia. Akiugeuza kuwa mawe ardhini, hana mchele, na nyumba haijafika hata dirishani. Wenye umri wangu wanakumbuka tarehe 27 Januari 2013, soko kuu la Bujumbura lilipoungua. Nawajua waliokuwa na nyumba nzuri na mikopo benki, na bidhaa zote zikiwa sokoni. Asubuhi moja mtaji ukawa majivu. Nyumba zao zilifuata baadaye, zikauzwa ili kulipa. Nyumba ya mfanyabiashara inalindwa na biashara yake, na akiila biashara ili ajenge, siku ya mtikisiko hatakuwa na cha kumkinga.

Kufikia hapo tulikuwa tumekwisha kunywa chai mara mbili, na hatujagusa jambo kubwa kuliko yote, yaani kiwanja.

Kununua Nyakabiga kwenyewe, hapana. Viwanja ni vidogo, vimejaa, na vikiuzwa mara nyingi ni ndugu watano wanaogawana urithi, ambapo wanne wamesaini na wa tano yuko Ulaya. Ukingo wa mto Ntahangwa nao umekuwa ukimomonyoka, na kila masika kuna familia inayosogeza ukuta wake ndani. Vijana wangu walikuwa wameonyeshwa kiwanja upande wa Kanyosha, juu kidogo, mahali penye upepo mzuri na mandhari ya ziwa. Bei ilikuwa ya chini. Bei ilikuwa ya chini mno, na hapo ndipo nilipoomba kuona karatasi.

Karatasi yenyewe iliandikwa kwa mkono, ina majina ya muuzaji na mashahidi watatu, na muhuri ambao haukusomeka. Niliwauliza: huyu muuzaji alipata wapi? Kwa baba yake. Na baba yake? Hawakujua.

Msomaji aliyerudi kutoka Tanzania hahitaji kuelezwa kwa nini swali hilo ni la lazima. Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, CNTB, iliundwa mwaka 2006 kushughulikia mali za waliokimbia. Mwanzoni iliwapatanisha watu wagawane. Baada ya mwaka 2011 ikaelekea zaidi kumrudishia mkimbizi mali yake nzima. Kule Rumonge, Nyanza-Lac na Makamba kuna watu walionunua kwa nia njema, wakajenga, kisha wakaambiwa watoke. Kuna na waliorudi wakakuta shamba la baba lina nyumba ya tofali na makaburi ya watu wengine. Nimekaa upande mmoja wa meza hiyo nikiwa na baba yangu, na sikutamani kabisa kuwa upande wa pili. Muda wa tume hiyo ulikwisha mwezi wa Machi 2022, lakini migogoro haikwenda nayo. Kwa mtu wa jamii yetu, kununua ardhi bila kuuliza nani alikuwepo hapo mwaka 1972 na mwaka 1993 ni kuwapangia watoto kesi.

Na benki? Benki haishiki karatasi ya mashahidi watatu. Inataka hati miliki, au angalau kiwanja kilichogawiwa na serikali na kupimwa, ili iweke rehani. Kwa hiyo hata ule mkopo wa milioni 9 na laki 6 na nusu usingeweza kutumika Kanyosha. Walikuwa na mkopo usio na kiwanja, na kiwanja kisichokubali mkopo. Mke aliniangalia kama mtu aliyeambiwa kwamba basi lilishaondoka.

Tulikwenda pamoja, mume na mimi, siku ya Jumamosi, kwa chifu wa mtaa kule. Nilitaka pia kuona maji yanapita wapi. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 mvua moja iliua zaidi ya watu 60 katika mitaa ya kaskazini ya Bujumbura, na nyumba nyingi zilizoanguka zilikuwa za tofali mbichi zilizowekwa karibu na ardhi bila msingi wa mawe. Tangu mwaka 2020 ziwa Tanganyika nalo limepanda mara kadhaa na kuingia katika nyumba za Gatumba na Kibenga, na hilo liwakumbushe wanaopenda ufukwe kwamba sheria ya maji ya mwaka 2012 inataka mita 150 kutoka ziwani. Kiwanja cha Kanyosha kiko mbali na ziwa, lakini mita 30 chini yake kuna korongo changa. Chifu, mzee mkweli, alituambia korongo hilo halikuwepo miaka kumi iliyopita. Kuhusu muuzaji alisema neno moja tu: "Ana dada." Tulimshukuru tukashuka.

Huyo dada, kumbe, yuko Nduta, kambini, na hajawahi kuulizwa.

Wakaanza upya. Mama wa binti akapendekeza wajenge kwao Nyanza-Lac, ambako familia ina kipande chake na majirani wanaokijua. Si wazo baya, na kwa mtu wa mpakani kuna njia ya Mugina na Manyovu. Lakini nyumba ya Nyanza-Lac haikuondolei kodi ya Nyakabiga maadamu mke anafundisha Bujumbura. Tena mirathi kwetu bado inafuata mila, na mila zetu zinajulikana zinampendelea nani. Mama alikuwa tayari kumpa binti yake, kaka zake walinyamaza. Nilimwambia mke kwamba ukimya wa kaka zako uuandike kwenye karatasi kabla hujauandika kwa saruji.

Walichokipata mwishowe ni kiwanja kidogo katika eneo lililopimwa, mbali zaidi, mahali ambapo basi halifiki wakati hakuna mafuta. Muuzaji ana barua ya kugawiwa na risiti za malipo, na amekubali kwenda nao kwenye ofisi ya ardhi kabla ya kupokea sehemu kubwa ya fedha. Bei ni kubwa kuliko ya Kanyosha. Fedha ya kuanzia ni zamu ya mume ya likelemba, akiba ya mke, na sehemu ya faida ya miezi sita. Mtaji haukuguswa. Majina kwenye mkataba ni mawili, la mume na la mke, jambo ambalo mume alilikubali baada ya siku nne. Sitaeleza zilivyokwenda siku hizo nne.

Na ile barua ya benki? Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema mkopo ni shetani. Mkopo una mahali pake, ila mahali pake si mwanzo. Chukua zile zile faranga 150,000 kwa mwezi, riba ile ile ya 14, lakini kwa miaka 3 badala ya 10. Unapata milioni 4 na laki 4 hivi, na unarudisha milioni 5 na laki 4. Linganisha: mkopo wa kwanza unakupa milioni 9.65 na kuchukua 18, wa pili unakupa 4.4 na kuchukua 5.4. Ukisubiri kuta zisimame kwa fedha zenu wenyewe, kisha ukachukua huu mdogo kwa ajili ya paa na milango, fedha yote inatumika ndani ya wiki mbili. Bei haina muda wa kukukimbia. Mwezi unaofuata mmehamia, kodi imekwisha, na kodi ile ile ndiyo inayosaidia kulipa. Sisi walimu tuna pia mfuko wetu wa mshikamano, FSTE, ambao umekuwa ukikopesha walimu, na kwa kiasi kidogo kama hicho ni vizuri kuugonga mlango wake kabla ya benki.

Kuna dada mmoja wa mtaani alinipinga nilipomwambia haya. Alisema: "Mwalimu, mimi nilichukua wa miaka 10 mwaka 2014, mwishoni nilichokuwa nikikatwa hakikununua hata nyama ya Krismasi." Ni kweli, na nampongeza. Alikuwa na kiwanja chenye hati tayari, saruji ilikuwa bado na bei moja, na alimaliza nyumba ndani ya miezi mitano. Mwenye masharti hayo matatu leo achukue, asinisikilize.

Kwa wengine, kazi ni kuzuia faranga zisilale. Fedha ya nyumba ikikaa benki mwaka mzima inarudi imekonda. Inunue vitu, lakini si kila kitu. Saruji msiiweke, ikipita miezi mitatu katika unyevu wa Bujumbura inageuka jiwe ndani ya mfuko. Bati hukaa hata miaka mitano likiwekwa pakavu. Anayenunua ng'ambo aangalie geji kabla ya rangi: 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32, kinyume na anavyofikiri mtu asiyejua. Nondo hukaa kama haziguswi na maji. Milango na madirisha ya chuma ya mafundi wa Buyenzi unaweza kuyalipia kidogo kidogo, na fundi mzuri hukuwekea bei ya siku ya kwanza. Tofali hufyatuliwa mwezi wa Juni, mvua zikishakatika, na kukauka hadi Agosti.

Tofali zipi? Hapa kijana alitaka za kuchoma, kwa sababu za heshima. Fundi wao, aliyejenga nyumba za waliorudi kule Makamba, alimwambia kwamba tofali mbichi, rukarakara, si aibu. Waliorudi walipewa bati na mbao, kuta wakafyatua wenyewe, na nyingi zimesimama hadi leo. Siri iko chini na juu: msingi wa mawe uliopanda sentimita 50 kutoka ardhini, na paa lililotoka nje ya ukuta vya kutosha ili mvua isilambe. Katikati unaweza kuweka udongo, na lipu ije hata baada ya miaka miwili. Akifuata hayo, mifuko 100 ya saruji inashuka hadi karibu nusu. Kijana ameandika hilo katika daftari, safari hii bila kukata.

Mpaka ninapoandika, bati 14 za geji 28 ziko chini ya kitanda chao hapa Nyakabiga. Zilikuja na lori la mchele, nne kwa safari, tano kwa safari. Mkewe analalamika kwamba kitanda kimepanda. Fundi amewataka wamwambie mapema kama watafyatua mwaka huu, kwani kiangazi hakingoji. Barua ya benki bado iko kwenye bahasha yake ya plastiki, muda wake unakwisha mwishoni mwa mwezi, na mke amesema hataitia sahihi wala hataichana mpaka wapimaji wa ofisi ya ardhi wathibitishe mawe ya mipaka. Wapimaji wameahidi kufika Jumanne, iwapo watapata mafuta ya gari.